Ndege Waimbao katika Maandiko: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mimi hufundisha darasa la kipaimara hapa Bagamoyo. Mjomba wangu, kaka yake mama, anasomesha chuoni, na chuo ninachosema ni kile cha juzuu na ubao, si cha digrii. Kila mwaka watoto wangu wanauliza yaleyale kuhusu ndege wa Biblia, na wa kwake wanauliza yaleyale kuhusu ndege wa Qurani. Nimeyaandika hapa nipumzike kuyarudia. Majibu ya upande wa Qurani na hadithi za Mtume nimempitishia mjomba kwanza, naye amekata mawili matatu.

## Mambo ya mwanzo

Ndege waimbao ni ndege gani hasa?

Kwa watu wa kawaida ni yeyote mwenye sauti tamu: chiriku, kurumbiza, shore, chozi anayening'inia kwenye maua. Wataalamu hawaangalii utamu. Wao hutazama kiungo cha sauti kilichoko chini ya koromeo na misuli inayokiendesha. Kwa kipimo hicho shomoro ni ndege mwimbaji, mbayuwayu pia, na hata kunguru yumo, ingawa kuna siku nikimsikia alfajiri natamani wangemtoa. Njiwa na hua, ambao maandiko yanawataja sana kwa sauti zao, hawamo.

Hapa situmii kipimo kikali. Nazungumzia ndege wadogo wa maandiko, na wale ambao maandiko yenyewe yamesikiliza sauti zao.

Naomba orodha: shomoro maana yake nini, mbayuwayu maana yake nini, kunguru maana yake nini?

Hili ndilo linaongoza kwa kuulizwa, na jibu lake huwavunja watu moyo: orodha hiyo haipo. Maandiko hayana kamusi ya ndege. Katika Mathayo 6:26 ndege wa angani ni mfano wa kulishwa na Baba bila kulima wala kuvuna. Sura saba mbele, katika 13:4, ndege haohao wanadonoa mbegu njiani, na aya ya 19 inamtaja yule mwovu. Shuka tena hadi 13:32 utawakuta wamepumzika kwenye matawi ya mharadali, na hapo ni picha njema. Ni kitabu kimoja na mwandishi mmoja.

Kwa hiyo ukikutana na ndege, usiulize anamaanisha nini. Uliza anafanya nini pale, na nani anamtazama. Ukiniuliza ni lipi linalorudi mara nyingi kuliko mengine, nitakwambia udogo. Sisi tunaupenda wimbo wake, ila maandiko mara nyingi yanamtaja kwa sababu ni mdogo, ni wa bei rahisi, na hata hivyo amehesabiwa.

Mbona Biblia yangu inasema "ndege" na ya jirani inasema "shomoro" mahali palepale?

Kwa sababu Kiebrania kina neno *tsippor*, ambalo ni ndege yeyote mdogo, hasa wa kulialia na kurukaruka. Mfasiri mmoja anaandika ndege, mwingine shomoro, na wote wako sawa. Katika Injili neno la Kigiriki ni *strouthion*, nalo limezoeleka kufasiriwa shomoro. Wengi wetu hapa tunasoma ile tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952, kwa hiyo majina yake ndiyo yaliyotukaa kichwani. Usijenge hoja nzima ya mahubiri juu ya tabia za shomoro kabla hujaangalia kama pale ni shomoro kweli.

## Shomoro

Kwa nini Yesu alitaja shomoro, asimtaje tai?

Tai hauzwi sokoni. Shomoro waliuzwa kwa ajili ya kuliwa, nyama ya mtu asiyeweza kununua nyama. Kila msikilizaji alikuwa anaijua bei.

Mathayo anasema wawili kwa senti moja, Luka anasema watano kwa senti mbili. Nani kakosea?

Hakuna aliyekosea. Fanya hesabu: wawili kwa moja, basi wanne kwa mbili. Wa tano katoka wapi?

Swali hili ndilo ninalolipenda kuliko yote. Nilikuja kulielewa pale soko la samaki, ufukweni, si darasani. Mama mmoja alikuwa ananunua mafungu mawili ya vibua. Alipokwisha kulipa akabaki amesimama na beseni lake, hasemi kitu, anamtazama tu muuzaji. Muuzaji akaguna, akachukua kibua kimoja kidogo kilichopinda mkia, akamtupia juu. Nyongeza. Kibua kile hakikuwa na bei, wala hakuna aliyekihesabu.

Huyo ndiye shomoro wa tano wa Luka 12:6. Sarafu inayotajwa ni asarioni ya Kirumi, na 16 kati yake zilifanya dinari moja, ambayo katika Mathayo 20:2 ni ujira wa kibarua wa siku nzima. Kwa hiyo shomoro wawili walikuwa sehemu moja ya 16 ya kutwa ya kibarua. Ukinunua wa sarafu mbili unatupiwa mmoja wa bure. Luka anasema hata mmoja katika hao hasahauliwi mbele za Mungu, maana yake hata yule wa nyongeza.

Si imeandikwa kwamba shomoro hataanguka?

Haijaandikwa hivyo, ingawa nimesikia ikihubiriwa hivyo mara nyingi, hasa kwa wagonjwa. Mathayo 10:29 inasema haanguki hata mmoja pasipo Baba yenu. Kuanguka kumo. Na maneno hayo waliambiwa wanafunzi waliokuwa wanatumwa, na aya moja nyuma yake inawataja watu wanaoweza kuua mwili. Anayemwambia mama mwenye mtoto mahututi kwamba "shomoro haanguki" amempa ahadi ambayo aya haikuitoa. Aya inasema anapoanguka, yuko anayejua.

Shomoro aliye peke yake juu ya nyumba, Zaburi 102:7, ni mfano wa nini?

Wa msiba na kukosa usingizi. Aliyewahi kuwaona shomoro wa hapa kwetu kwenye ukingo wa bati anajua hawakai kimya wala hawakai pekee. Ni kelele na kugombana kutwa. Ukimwona mmoja amejikunyata juu ya paa, ujue kuna kitu kimeharibika. Mzaburi anasema anakesha, na amekuwa kama yule. Neno la Kiebrania ni lile *tsippor* la juu, lakini picha haipungui.

## Wimbo

Je, Biblia inasema ndege wanaimba kwa ajili ya Mungu?

Zaburi 104:12 inawaweka matawini, kandokando ya chemchemi, wakitoa sauti zao. Haisemi wanamwimbia nani. Zaburi 148:10 ndiyo inayowaingiza waziwazi katika orodha ya wanaoalikwa kumsifu Bwana, pamoja na wanyama wa kufugwa na vitambaavyo.

Sauti ya ndege pia hutumika kwa huzuni. Mfalme Hezekia alipougua, katika Isaya 38:14, anasema alilia kama mbayuwayu na kuomboleza kama hua. Mhubiri 12:4 nayo, katika ile picha ya uzee, ina mtu anayeamka kwa sauti ya ndege huku nyimbo zikififia kwake. Mjomba aliposikia nikisoma aya hiyo alicheka akasema, "Mpwa wangu, hapo wamenisema mimi."

"Wakati wa kuimba" katika Wimbo Ulio Bora 2:12 ni ndege au ni watu?

Huenda si kuimba kabisa. Neno la Kiebrania pale ni *zamir*, nalo linaweza kuwa kuimba au kupogoa mizabibu. Ndiyo maana tafsiri zinatofautiana. Neno "ndege" halimo katika Kiebrania cha sentensi hiyo. Waliolitia ni wafasiri. Ndege wa hakika ni hua, ambaye sauti yake inatajwa palepale baadaye.

Mzizi huo wa z-m-r unastahili dakika moja zaidi. Katika Kiebrania umezaa *mizmor*, yaani zaburi. Katika Kiarabu umezaa *mizmar*, yaani filimbi, na Mtume Muhammad alipoisikia sauti ya Abu Musa al-Ash'ari akisoma Qurani alisema amepewa mizmari katika mizmari za watu wa Daudi. Na ukiifuata pwani hii utalikuta neno letu wenyewe, zumari, lile linalolia ngomani. Watoto wa kipaimara huwa hawaniamini hadi niwaandikie ubaoni.

Qurani inasema ndege wanaswali?

Surat An-Nur, aya ya 41: vilivyomo mbinguni na ardhini vinamsabihi Mungu, na ndege pia wakiwa wamekunjua mbawa, na kila mmoja amekwisha jua sala yake na tasbihi yake. Mjomba anasisitiza neno "yake". Hawaigi yetu.

Kwa Daudi jambo hili linakuwa kubwa zaidi. Sura za Al-Anbiyaa (aya ya 79), Saba (aya ya 10) na Sad (aya ya 18 na 19) zinaeleza milima na ndege wakisabihi pamoja naye. Picha ni ya mtu mmoja anayeanza na viumbe wanaoitikia. Mwenye kuijua dhikri ya hapa Bagamoyo, anapoanza mmoja na safu nzima ikampokea, hahitaji kuelezwa.

Nabii Suleiman alielewa ndege wanachoimba?

An-Naml 16 inasema walifundishwa *mantiqa at-tayr*, matamshi ya ndege. Ni neno hilohilo tunalolitumia leo tukisema hoja fulani haina mantiki. Ndege anayezungumza katika kisa hicho ni hudhud, mwenye kishungi, aliyeleta habari za nchi ya Saba, ile ambayo Biblia inaiita Sheba.

Na bulbuli je?

Hayumo. Tumemzoea kwenye mashairi.

## Kiota, mtego na tundu

Zaburi 84 inasema shomoro na mbayuwayu wana kiota madhabahuni. Ni mfano tu au waliingia kweli?

Soma kichwa cha zaburi: ni ya wana wa Kora. Ukienda 1 Mambo ya Nyakati 9:19 utawakuta Wakora wakiwa walinzi wa milango ya hema. Sasa rudi kwenye zaburi uisome kama maneno ya bawabu. Kazi yake ni kuzuia: huyu aingie, yule asiingie, huyu abaki hapo. Na kila siku, juu ya kichwa chake, shomoro anapita bila kumwomba ruhusa, na mdomoni ana unyasi. Aya ya 10 inamrudia bawabu huyo huyo, anayesema afadhali asimame mlangoni pa nyumba ya Mungu. Mimi nausikia wivu mle, wivu mwema.

Kwamba waliingia kweli siwezi kuona ajabu. Mzee anayefagia kanisa letu hupigana nao kila msimu. Anaanika kitambaa cha altare, anakikagua madoa meupe, anakunja tena huku ananung'unika. Nilimsomea aya ya 3 siku moja. Akasema, "Aliyeandika hakuwa anafua."

Kuhusu mbayuwayu, wengi tunaowaona wamejipanga kwenye nyaya za umeme kuanzia kama Septemba hadi Aprili ni wageni kutoka kaskazini, na viota vyao wameviacha huko. Yeremia 8:7 aliliona hilo: hua na mbayuwayu wanayajua majira ya kuja kwao, na watu wake hawajui yao.

Kwa nini katika Walawi 14 ndege mmoja anachinjwa na mwingine anaachiliwa?

Ni ibada ya mtu aliyepona ukoma, anayerudi kwa watu wake. Wanaletwa ndege wawili walio hai na safi, mti wa mwerezi, uzi mwekundu na hisopo. Mmoja anachinjwa juu ya maji ya mtoni katika chombo cha udongo. Yule wa pili anachovywa katika damu ya mwenzake pamoja na vile vitu, mtu ananyunyiziwa mara saba, kisha ndege anaachiliwa aende uwandani.

Maelezo ni mengi na sitayamaliza. Wakristo wa zamani waliona humo kifo na ufufuko. Mimi nakaa kwanza na mwenye ukoma mwenyewe: alikuwa akiishi nje ya kambi, na ndege yule anaruka kuelekea kulekule alikokuwa yeye.

Ongeza hapa jambo la lugha. Ndege wa pili katika Zaburi 84, anayefasiriwa mbayuwayu, kwa Kiebrania ni *dror*. Neno lenye herufi hizohizo ndilo linalotumika katika Walawi 25:10 kutangaza uhuru katika mwaka wa yubile. Bagamoyo neno hilo lina anwani: mapadri wa Roho Mtakatifu walifika hapa mwaka 1868, wakawakomboa watumwa, na makazi ya hao waliokombolewa yakaitwa kijiji cha uhuru.

Kumfuga chiriku tunduni ni dhambi?

Hakuna aya inayosema hivyo moja kwa moja. Kumbukumbu la Torati 22:6 na 7 inaruhusu kuchukua makinda lakini inakataza kumchukua mama pamoja nao.

Upande wa hadithi kuna kisa ambacho mjomba hukisimulia vizuri kuliko mimi. Anas bin Malik alikuwa na mdogo wake, mtoto aliyeitwa Abu Umayr, na mtoto huyo alikuwa na kindege akichezea, *nughayr*. Kindege kikafa. Mtume alipomkuta mtoto ana huzuni akamuuliza, "Ewe Abu Umayr, nughayr amefanya nini?" Kwa Kiarabu majina hayo mawili yana vina, kwa hiyo ni kama kumtungia mtoto kibwagizo cha kumfariji. Wanazuoni wamekitumia kisa hiki kuonyesha kwamba kufuga ndege inafaa, kwa sharti alishwe na asiteswe.

Kisa cha pili kiko kwa Abu Dawud, mkusanyaji wa hadithi. Masahaba safarini walichukua makinda mawili ya ndege aitwaye *hummara*, na mama yao akaja akipigapiga mbawa. Mtume akauliza ni nani aliyemtia uchungu kwa watoto wake, akaamuru warudishwe. Ninyi wenye manati chini ya miembe ya misheni, mmesikia.

## Maswali ya pembeni

Kunguru waliomlisha Eliya ndio hawa wetu?

Siyo hawa. Wanaotuibia samaki na mandazi ni kunguru wa Kihindi, waliofikishwa Unguja miaka ya 1890 kisha wakaenea bara. Wa 1 Wafalme 17 ni kunguru wakubwa weusi wa nchi za kule. Yule wetu wa asili mwenye kifua cheupe ni aina nyingine tena. Wa Kihindi hula mayai na makinda ya ndege wadogo, na ni sababu mojawapo ya chiriku kuwa adimu mjini.

Usimchukie kunguru wote kwa ajili yao. Luka 12:24 inamtaja kuwa analishwa na Mungu, na Al-Maida 31 inamleta akifukua ardhi kumfundisha mwana wa Adamu kumsitiri nduguye aliyekufa.

Ababil, wale ndege waliotumwa kulipiga mawe jeshi la tembo, ni mbayuwayu?

Surat Al-Fil haitaji aina. *Ababil* ni makundi kwa makundi. Kwa Kiurdu mbayuwayu huitwa hivyo, lakini hilo ni jina la baadaye.

Bibi yangu husema kurumbiza akilia uani mgeni anakuja, na bundi ni nuksi. Maandiko yanasemaje?

Hata bibi yangu alisema hivyo, na akitandika kitanda cha mgeni. Kiswahili chenyewe kimebeba jambo hili: tunasema "ndege njema" na "ndege mbaya" kwa maana ya bahati. Waarabu nao walifanya vilevile. *Tiyara*, kuagua kwa ndege, inatokana na *tayr*. Katika Yasin 18 na 19 watu wa mji wanawaambia mitume kwamba wao ni mkosi, nao wanajibiwa kwamba mkosi wao wanao wenyewe. Hadithi iliyopokewa na wakusanyaji wawili, Bukhari na Muslim, inaikataa tiyara kabisa. Kumbukumbu la Torati 18:10 nayo inakataza ubashiri.

Kumkaribisha mgeni hakujakatazwa popote, kwa hiyo kitanda kitandike.

Yesu kuwafinyanga ndege wa udongo imo kwenye Biblia?

Katika Biblia haimo. Imo katika Qurani, Al Imran 49 na Al-Maida 110, ambako Isa anafanya hivyo kwa idhini ya Mungu. Imo pia katika kitabu cha zamani cha utoto wa Yesu ambacho Kanisa halikukiingiza katika Biblia. Humo ni shomoro 12.

Chiriku mkononi mwa Mtoto Yesu kwenye picha za kale, na Mtakatifu Fransisko kuwahubiria ndege?

Ya kwanza ni mapokeo ya wachoraji wa Ulaya, waliomhusisha chiriku wa kwao na miiba ya mateso kwa kuwa hula mbegu za mimea ya miiba. Ya pili ni simulizi la karne ya 13. Yote mawili ni mazuri, ila usiyatafute kwenye aya.

Nimemkuta kinda wa shomoro sakafuni kanisani. Nifanye nini?

Mtazame manyoya. Kama hana, tafuta kiota umrudishe. Si kweli kwamba mama atamkataa kwa sababu ya harufu ya mkono wako. Kama manyoya yameota na anarukaruka, anajifunza kuruka, na wazazi wake wako karibu wanamlisha. Msogeze pembeni, juu ya kitu kilichoinuka, umwache. Usimpe maziwa wala mkate. Kuhusu makinda na mama yao, rudi kwenye swali la chiriku tunduni.

Ila kabla ya yote hayo toka nje, angalia juu ya mwembe, umfukuze kunguru.